Rekodi za Santos zilitafutwa safarini

Desemba 22, 2020, Lionel Messi aliifunga Valladolid na kufikisha mabao 644 akiwa na jezi ya Barcelona. Vyombo vya habari vya kila bara vikatangaza kwamba Pelé ameondolewa kileleni, maana yeye aliifungia Santos mabao 643. Santos haikukaa kimya. Ikajibu kwamba 643 ni ya mechi za mashindano tu. Yapo mengine 448 ya mechi za kirafiki, mengi dhidi ya timu kubwa za zama zile, na jumla yake ni 1,091.

Wengi walicheka. Mabao ya kirafiki? Hata huku kwetu mshambuliaji akifunga matano kwenye mechi ya maandalizi ya msimu, watani wa upande wa pili humwambia asubiri ligi ianze. Naona waliocheka walikuwa na haki nusu. Hesabu ya 1,091 ina kasoro zake na nitazifikia. Lakini anayeitupa yote hajajiuliza kwa nini klabu yenye mchezaji bora duniani ilicheza mechi nyingi kiasi kile nje ya mashindano. Ilikuwa inatafuta riziki. Ukishalijua hilo, karibu kila rekodi ya Santos inasomeka upya, kuanzia mataji ya 1962 mpaka usiku wa Desemba 2023 iliposhuka daraja.

Santos ni mji wa bandari katika jimbo la São Paulo, mji uliotajirika kwa kupakia kahawa melini. Klabu ilianzishwa Aprili 14, 1912, na uwanja wake, Vila Belmiro, umetumika tangu 1916. Ni uwanja mdogo uliobanwa na nyumba za watu, na leo unaingiza mashabiki wapatao 16,000. Ukipanda mlima, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari, unafika jiji la São Paulo lenye Corinthians, Palmeiras na São Paulo FC, klabu zenye mashabiki kwa mamilioni. Miaka ya 1950 hapakuwa na fedha za televisheni za kuzungumzia, na Brazil haikuwa na ligi ya taifa. Iliyoanza 1971 ndiyo ya kwanza kuitwa hivyo. Kila jimbo lilikuwa na ubingwa wake, na viingilio vya mlangoni vilibeba mzigo mkubwa wa matumizi. Kwa klabu yenye uwanja wa ukubwa ule, kuwalipa Pelé, Coutinho, Pepe, Zito na baadaye Gylmar kwa pamoja bila kutoka nje ya mji lilikuwa jambo lisilowezekana.

Basi wakatoka. Mwezi Juni 1959 walifungwa na Real Madrid 5-3 mjini Madrid, wakaichapa Inter Milan 7-1 mjini Valencia, kisha wakaenda Camp Nou na kuishindilia Barcelona 5-1. Pelé alikuwa na miaka 18. Mwaka huo alicheza zaidi ya mechi 100, ukijumlisha za Santos, za timu ya taifa na za timu ya jeshi, kwa kuwa alikuwa akitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Mapromota walilipa dau moja Pelé akicheza na dau dogo zaidi asipocheza. Kwa hiyo alicheza, hata siku ambazo mwili ulidai kupumzika.

Huwezi kuniambia Barcelona ilifurahia kupigwa tano mbele ya mashabiki wake waliolipa kiingilio. Mechi zile zilikuwa na uzito, na kwa Wabrazili waliotoka kushinda Kombe la Dunia 1958 ndizo zilizokuwa kipimo pekee cha klabu zao dhidi ya Ulaya. Kasoro ya hesabu ya Santos iko kwingine: bao la Camp Nou limewekwa kapu moja na bao lililofungwa dhidi ya kombaini ya mji mdogo iliyokusanywa wiki ileile. Ukiongeza na mabao ya jeshini, kama wanavyofanya wanaompa Pelé jumla ya zaidi ya 1,200, kapu linazidi kuchanganyika. Anayetaka kulinganisha na Messi ana wajibu wa kuchambua punje moja moja, na kazi hiyo hakuna upande unaopenda kuifanya. Huyu anasema yote, yule anasema hakuna hata moja.

Nikiulizwa rekodi ipi ya Pelé naiamini bila kusita, nitataja mabao 58 katika ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka 1958. Yalikuwa mashindano rasmi, marefu, ya mechi 38, na kuna siku timu ilisafiri kwenda miji ya ndani ya jimbo kucheza kwenye viwanja vibovu mbele ya mabeki waliotaka kumvunja miguu. Santos nzima ilifunga mabao 143 msimu ule. Alikuwa na umri wa miaka 17 kwa sehemu kubwa ya msimu. Rekodi hii haitajwi sana nje ya Brazil kwa sababu ni ya ubingwa wa jimbo, na wasomaji wa Ulaya hulichukulia neno jimbo kama vile ni ndondo za mtaani. Wakati ule ubingwa wa São Paulo ndio uliokuwa moyo wa soka la nchi.

Kwa mabao Santos ni klabu ya ajabu hata kabla ya Pelé kuzaliwa. Mwaka 1927 safu ya ushambuliaji ya Araken na Feitiço ilifunga mabao 100 katika mechi 16 za ubingwa wa jimbo. Mia moja! Na ubingwa wakaukosa, ukaenda kwa Palestra Itália, klabu ambayo leo inaitwa Palmeiras. Santos ilisubiri hadi 1935 kutwaa taji lake la kwanza la jimbo. Leo inayo 22.

Lile la mwaka 1973 lina kisa. Fainali dhidi ya Portuguesa uwanjani Morumbi iliishia kwenye matuta. Portuguesa ilikosa penalti tatu za mwanzo, Santos ikapata mbili kati ya tatu, na mwamuzi Armando Marques akapuliza kipenga kutangaza Santos bingwa. Hesabu ilikuwa imemkataa: kila timu ilikuwa bado na mikwaju miwili, na Portuguesa ingeweza kusawazisha. Kosa lilipogundulika, wachezaji wa Portuguesa walikuwa wameshaondoka uwanjani, inasemekana kwa haraka ya makusudi, maana kocha wao Otto Glória aliona heri mzozo kuliko kupiga penalti zilizobaki. Shirikisho la jimbo likagawa ubingwa nusu kwa nusu. Hilo ndilo taji la mwisho la Pelé akiwa Santos, na lilitolewa na mwamuzi aliyeshindwa kujumlisha.

Turudi 1962, kwa kuwa hapo ndipo Santos ilipogusa dari. Msimu huo ilitwaa ubingwa wa jimbo, Taça Brasil (kombe la taifa), Copa Libertadores (ubingwa wa klabu wa Amerika Kusini) na Kombe la Mabara, lililowakutanisha bingwa wa Amerika Kusini na bingwa wa Ulaya. Kocha alikuwa Luís Alonso Pérez, aliyejulikana kwa jina la Lula, mtu aliyeinoa timu tangu 1954 hadi 1966 na ambaye hapewi nusu ya sifa anayostahili, pengine kwa sababu mwenye Pelé anadhaniwa hahitaji kufikiri. Wachezaji saba wa Santos walikuwa kwenye kikosi cha Brazil kilichoshinda Kombe la Dunia nchini Chile mwaka huo: Gylmar, Mauro, Zito, Mengálvio, Coutinho, Pelé na Pepe. Mauro ndiye aliyeinua kombe akiwa nahodha, na Zito alifunga kwenye fainali.

Fainali ya Libertadores dhidi ya Peñarol ya Uruguay haikuwa soka tu. Mkondo wa kwanza Santos ilishinda 2-1 mjini Montevideo. Mchezo wa pili, pale Vila Belmiro, Peñarol ilikuwa mbele 3-2 pale mwamuzi Carlos Robles wa Chile aliporushiwa kitu kutoka jukwaani. Mchezo ukasimama, ukaendelea baadaye, Santos ikasawazisha na mji ukaanza kusherehekea. Kumbe mwamuzi aliuendeleza kwa kuhofia usalama wake tu. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba mechi iliishia pale ilipovunjika, 3-2. Ikabidi mchezo wa tatu Buenos Aires, Agosti 30. Pelé, aliyekuwa majeruhi kwenye michezo miwili ya kwanza, akarejea na kufunga mara mbili, Santos ikashinda 3-0.

Septemba ikaja Benfica, bingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, ikiwa na kijana wa Msumbiji, Eusébio. Mchezo wa kwanza, uwanjani Maracanã mjini Rio de Janeiro, Santos ilishinda 3-2. Lisbon, Oktoba 11, Santos iliongoza 5-0 kabla ya Benfica kupata mawili ya kufutia aibu dakika za mwisho. Pelé alifunga matatu, Coutinho moja, Pepe moja. Wanaosema Pelé hakuwahi kupimwa na soka la Ulaya ngazi ya klabu waanzie usiku huo.

Ila kwa uchambuzi wangu, taji zito zaidi la Santos ni Kombe la Mabara la 1963, kwa sababu Pelé hakuwepo kwenye michezo miwili iliyoliamua. Milan ilishinda 4-2 San Siro. Marudiano Maracanã, Pelé na Zito wakiwa nje, Milan ikaongoza 2-0 hadi mapumziko. Mvua ilikuwa inamwagika. Kipindi cha pili Pepe akapiga mipira miwili ya adhabu iliyokwenda moja kwa moja nyavuni, Almir na Lima wakaongeza, ikawa 4-2. Siku mbili baadaye, mchezo wa tatu uwanja huohuo, Dalmo akafunga kwa penalti bao pekee. Wataliano walimlalamikia mwamuzi kwa miaka, na sidhani walikuwa wanazua yote. Mchezo ulikuwa wa mieleka. Lakini timu iliyopindua matokeo yale bila mfalme wake haiwezi kuitwa timu ya mtu mmoja. Pepe aliifungia Santos mabao zaidi ya 400, akawa akitania kwamba yeye ndiye mfungaji bora wa klabu miongoni mwa binadamu.

Sasa tuhesabu. Libertadores ya 1962 Santos ilicheza mechi tisa. Ile ya 1963 ilicheza nne tu, kwa kuwa bingwa mtetezi alianzia nusu fainali: Botafogo mara mbili, Boca Juniors mara mbili. Kombe la Mabara mbili na tatu. Mataji manne makubwa kwa mechi 18. Anayependa kuyashusha atasema ilikuwa rahisi. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa hivyo kwa kila mtu, na kuifunga Boca 2-1 kwao La Bombonera, kwenye fainali, hakuwezi kuitwa njia ya mkato.

Jambo linalonitatiza zaidi ni mataji ambayo Santos iliamua kuyaacha. Mwaka 1966 na 1967 ilikuwa na haki ya kucheza Libertadores, haikwenda. Mwaka 1969 hakuna klabu ya Brazil iliyoshiriki. Mashindano yale yalikuwa na safari ndefu, ubabe na mapato kidogo, ilhali ziara moja ya Ulaya, Marekani au Afrika ilijaza kasha. Viongozi wakachagua kasha. Ndiyo maana klabu iliyokuwa na Pelé kuanzia 1956 hadi 1974 ina Libertadores mbili tu za zama zake, huku Independiente ya Argentina, ambayo haikuwa na mchezaji wa kiwango hicho, imemaliza na saba. Wanaoitetea hesabu ya 1,091 wanapaswa kukubali na upande huu wa pili: kila bao la kirafiki lilikuwa na bei, na sehemu ya bei hiyo ni makombe ambayo hayamo kabatini.

Ziara nazo zimezaa hadithi zisizoshikika. Mapema 1969 Santos ilipita Afrika, ikacheza Brazzaville, Kinshasa, Lagos na kwingineko. Nigeria ilikuwa katikati ya vita vya Biafra, na tangu hapo imesimuliwa kwamba bunduki zilinyamaza kwa saa 48 ili watu wamwone Pelé. Watafiti waliopekua magazeti ya wakati ule hawakukuta habari ya kusitishwa kwa vita. Lagos, ilikochezwa sare ya 2-2 Januari 26, ilikuwa mbali na uwanja wa mapambano. Hapakuwa na sababu ya kunyamazisha bunduki. Hadithi ni tamu na itaendelea kusimuliwa, ila mwandishi anayeiweka kwenye orodha ya mafanikio ya klabu anaidhalilisha orodha yenyewe.

Bao la elfu la Pelé lilikuja Novemba 19 mwaka huohuo, penalti dhidi ya Vasco pale Maracanã, kipa Andrada akiugusa mpira na kuupiga ngumi uwanja kwa hasira. Siku chache kabla, mjini Salvador, beki wa Bahia aliuokoa kwenye mstari mpira wa Pelé uliokuwa unaingia, akazomewa na mashabiki wake mwenyewe.

Kuna hesabu nyingine yenye utata, nayo haikufanywa na Santos. Desemba 2010 shirikisho la soka la Brazil liliamua kuyatambua mashindano ya kitaifa ya 1959 hadi 1970 kuwa ubingwa wa Brazil. Santos, iliyokuwa na mataji mawili, 2002 na 2004, ikaamka na manane: Taça Brasil tano mfululizo, 1961 hadi 1965, na kombe la Roberto Gomes Pedrosa la 1968. Taça Brasil ilikuwa ya mtoano, na bingwa wa São Paulo mara nyingi aliingizwa nusu fainali moja kwa moja. Tena mwaka 1967 Palmeiras ilishinda mashindano yote mawili, hivyo leo inahesabiwa bingwa wa nchi mara mbili katika mwaka mmoja. Hapo uamuzi ulikosea. Hata hivyo siwezi kuiambia timu iliyoifunga Botafogo ya Garrincha 5-0 katika mchezo wa kuamua Taça Brasil ya 1962 kwamba haikuwa bingwa wa Brazil. Ilikuwa bingwa wa nani basi? Mfululizo ule ulikatwa 1966 na Cruzeiro ya Tostão, iliyoipiga Santos 6-2 Belo Horizonte na kurudia ushindi mjini São Paulo. Ule haukuwa ubingwa wa mezani.

Oktoba 2, 1974, dhidi ya Ponte Preta, Pelé aliudaka mpira kwa mikono, akapiga magoti katikati ya uwanja, akaaga. Klabu ikabaki na jina kubwa na uwanja uleule mdogo. Ikachukua ubingwa wa jimbo 1978 na 1984, kisha ukame mrefu uliovunjwa na makombe madogo ya 1997 na 1998.

Iliyoiokoa ni akademi. Mwaka 2002 ilifuzu hatua ya mtoano ikiwa ya nane na ya mwisho, kocha Emerson Leão akiwategemea watoto, Diego na Robinho, na fainali ikaishinda Corinthians michezo yote miwili. Watu wanakumbuka Robinho akizungusha miguu juu ya mpira mbele ya beki Rogério mpaka akaangushwa ndani ya boksi. Kisha wakaja Neymar na Ganso, Copa do Brasil ya 2010, na Libertadores ya 2011 kwa kuifunga Peñarol, ileile, 2-1 São Paulo, kwa mabao ya Neymar na Danilo. Desemba hiyo, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, Barcelona iliwafunga 4-0 Yokohama, na pengo la fedha baina ya mabara mawili likaonekana wazi kabisa.

Mwaka 2013 Neymar akaenda Barcelona. Dau lililotangazwa lilikuwa euro milioni 57.1. Santos ilipata milioni 17.1, na milioni 40 zikaenda kwa kampuni ya familia ya mchezaji. Hata hizo 17.1 hazikuwa zake zote, kwa sababu sehemu ya haki za mchezaji ilikuwa imeshauzwa kwa wawekezaji. Hapo ndipo linapoonekana tatizo la kudumu. Zama za Pelé klabu iliuza mechi ili imbakize mchezaji. Zama za Neymar ilikuwa imemuuza vipande vipande kabla hajaondoka. Robinho, Gabriel Barbosa, Rodrygo, wote walipita mlango huo wa Ulaya, na madeni hayakuisha.

Desemba 6, 2023, chini ya mwaka mmoja tangu Pelé afariki, Santos ilifungwa 2-1 na Fortaleza hapohapo Vila Belmiro, na Bahia ikashinda mechi yake na kupona. Ilikuwa mara ya kwanza Santos kushuka daraja. Magari yalichomwa moto nje ya uwanja. Uongozi ukatangaza kwamba jezi namba 10 haitavaliwa daraja la pili, uamuzi ambao wengine waliuona wa heshima na mimi niliuona wa maigizo. Aibu ya kushuka haikuwa ya jezi. Ubingwa wa Série B 2024 ulipatikana kwa mechi 38, zaidi ya mara mbili ya zile 18 zilizoleta mataji makubwa ya 1962 na 1963.

Januari 2025 Neymar akarudi, akavaa namba 10. Kisoka ilikuwa bahati nasibu kwa sababu ya majeraha yake. Kibiashara ni mbinu ileile ya 1959: jina moja linaloleta wadhamini, kamera na mauzo ya jezi, na timu inayosukwa kulizunguka. Agosti Vasco iliwafunga 6-0 na Neymar akatoka uwanjani akilia. Desemba, akiwa na goti bovu, alifunga matatu dhidi ya Juventude, Santos ikaponea na kumaliza ya 12. Msimu mzima walikuwa wanapigania kutoshuka tena, na mtu aliyewavusha ni yuleyule waliyemuuza kwa 17.1.